Mtaa wa Vitabu Vinavyolala Nje

Mjini Baghdad, nchini Iraq, kuna mtaa mfupi usiofika hata kilomita moja. Ukiupitia Ijumaa asubuhi huioni ardhi. Vitabu vimetandazwa chini juu ya maturubai na magunia, vimepangwa kwenye mikokoteni na mbao, vimepanda hadi kwenye vizingiti vya milango. Mtaa unaitwa al-Mutanabbi. Wenyeji wanasema kwamba usiku baadhi ya wauzaji hufunika tu vitabu vyao kwa nailoni na kwenda zao kulala. Hawavifungii mahali juu, wanasema, msomaji haibi na mwizi hasomi.

Sisi ambao tumeshawahi kuibiwa sufuria ikiwa bado na maharage ndani tutacheka kidogo. Lakini hebu tuuache usemi huo kwanza, tutaurudia.

Aliyewahi kupata kibali cha kwenda Nairobi anaijua raha ya vitabu vya chini. Kule Tom Mboya na mitaa ya jirani vinaitwa vya inama, yaani ili uone kilichopo lazima uiname. Duka la vitabu vipya unaingia ukijua unachotaka, mlinzi anakuangalia mkoba, unalipa unatoka. Kwa inama hujui utakutana na nini. Kamusi imelala juu ya kitabu cha mapishi, chini yake kuna riwaya iliyokosa jalada, chini yake tena kitabu cha sheria cha miaka ya sitini. Unainama, unafungua ukurasa wa kwanza, unakuta jina la mtu kwa wino wa bluu na mwaka. Hapo ndipo mimi huwa nasimama. Huyu alikuwa nani, na kwa nini aliachana na kitabu chake? Kwa Nairobi jibu mara nyingi ni jepesi, mtoto alimaliza kidato cha nne, basi. Kwa mtaa wa al-Mutanabbi jibu ni historia ya nchi nzima, na ndiyo sababu naandika kuhusu mtaa ambao mguu wangu haujaukanyaga.

Biashara ya vitabu Baghdad ni ya kale karibu sawa na mji wenyewe. Khalifa al-Mansur aliuanzisha mji mwaka 762, kando ya mto Tigris, ule ambao Biblia yetu ya Kiswahili inauita Hidekeli. Mwishoni mwa karne hiyo ya 8 watu wa Baghdad walikuwa tayari wanatengeneza karatasi, na karatasi ilikuwa rahisi kuliko ngozi. Likazuka kundi la mafundi walioitwa warraqin. Fundi mmoja ni warraq, na neno linatokana na lile lile lililotupa sisi “waraka”. Warraq alinakili vitabu kwa mkono, akavishona, akaviuza, na kwenye duka lake watu waliketi wakabishana dini, mashairi na hesabu. Al-Yaqubi, aliyeandika habari za miji katika karne ya 9, alihesabu maduka zaidi ya 100 ya watu hao kwenye soko moja la Baghdad. Kumbuka hakuna mashine ya kuchapa. Kila kitabu kimoja ni mgongo wa mtu uliouma.

Kuna mwandishi wa zama hizo anayeitwa al-Jahiz, mtu wa Basra. Inasimuliwa kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, na yeye mwenyewe aliandika risala nzima ya kuonyesha fahari ya watu weusi. Alizaliwa maskini. Kitabu hakuweza kununua, kwa hiyo alikuwa anawalipa warraqin kodi ya usiku mmoja, wanamfungia ndani ya duka na taa yake, asubuhi wanamkuta bado anasoma. Alikufa mzee sana, karibu mwaka 869, na hadithi moja inadai aliangukiwa na vitabu vyake mwenyewe. Sijui nani asiyependa kuiamini hadithi hiyo.

Mwingine ni Ibn al-Nadim, muuza vitabu. Mnamo mwaka 987 aliamua kuandika orodha ya vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua, na waandishi wake, na walikotoka. Orodha hiyo, al-Fihrist, ipo mpaka leo. Vitabu vingi alivyovitaja ndani havipo. Tunajua tu kwamba vilikuwepo, kwa sababu dukandari mmoja aliona ni vizuri aandike majina. Nadhani kila aliyekimbia nyumbani anaelewa kazi ya orodha ya namna hiyo.

Mwaka 1258 Wamongolia waliuteka mji na kuuchoma. Wanasimulia kwamba maji ya mto yaligeuka meusi kwa wino wa vitabu vilivyotupwa. Baghdad ikashuka ikawa mji wa mkoani kwa karne nyingi chini ya wengine, wa mwisho wakiwa Waturuki wa Osmani, ambao kambi yao ya askari na mnara wake wa saa bado vipo pale mtoni, jirani na mtaa wetu.

Jina la al-Mutanabbi lilikuja mwaka 1932, mwaka ule ule Iraq ilipotoka kwenye usimamizi wa Waingereza. Mfalme Faisal wa Kwanza ndiye aliyeupa mtaa jina la mshairi aliyezaliwa Kufa mwaka 915. Mshairi huyo alikuwa mtu wa majivuno makubwa. Inasemwa kwamba aliposhambuliwa njiani mwaka 965 alitaka kukimbia, mtumishi wake akamkumbusha beti alizojisifu ndani yake kwamba haogopi upanga, naye kwa aibu akageuka kupigana. Akauawa pale pale. Kwa mtaa wa vitabu ni jina zuri, na ni onyo pia kwa sisi waandishi.

Kwenye mtaa huo kuna mkahawa wa Shabandar, uliofunguliwa mwaka 1917 mahali palipokuwa na kiwanda cha kuchapa. Ukuta umejaa picha za zamani. Unanunua kitabu nje, unaingia ndani, unaagiza chai ya ndimu, unafungua ulichonunua. Hapo walikaa wanasheria, washairi, wanasiasa wa kila chama, na wapelelezi waliotumwa kuwasikiliza wote.

Waarabu wana msemo, Cairo inaandika, Beirut inachapa, Baghdad inasoma. Nilipomsomea jirani yangu wa kutoka Sudan, mwalimu mstaafu tunayemwita Mwalimu tu, aliweka kikombe chini. “Nani amekudanganya? Ni Khartoum inayosoma!” Kumbe Wasudani nao wanausema msemo ule ule, na mwisho wake wameuweka mji wao. Tulibishana mpaka mkaa ukaisha. Nitamrudia Mwalimu baadaye.

Sasa tufike kwenye miaka ya 1990, juu hapo ndipo vitabu vilipojaa mtaani.

Mwezi wa 8 mwaka 1990 jeshi la Saddam Hussein liliivamia Kuwait, na siku chache baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaiwekea Iraq vikwazo vya biashara. Vilidumu karibu miaka 13. Iraq ilikuwa nchi ya mafuta, yenye hospitali na vyuo vikuu vyake, na mwaka 1978 serikali ilikuwa imeanzisha kampeni ya lazima ya kuwafundisha watu wazima kusoma. Mwalimu, hakimu, mhandisi, hao wote walikuwa na kabati la vitabu sebuleni. Kisha pesa ikafa. Kabla ya hapo dinari moja, kwa kiwango rasmi, ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 3. Kufika mwisho wa mwaka 1995 dola moja sokoni ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya dinari 2,000. Mshahara wa mwalimu kwa mwezi ukabaki na thamani ya dola chache tu. Serikali iligawa unga, mchele, sukari, chai na mafuta kwa kadi ya mgao. Hapa kambini sihitaji kumweleza mtu kadi ya mgao ni nini, wala mwezi unakuwaje mgao ukiisha tarehe 18.

Watu wakaanza kuuza. Ilianza dhahabu ya mama, halafu televisheni, halafu viti. Vitabu vilikuja mwisho kwenye nyumba nyingi, kwa sababu mbili ninavyoona mimi. Kwanza, bei yake ni ndogo. Pili, ukiuza kiti unabaki wewe yule yule, lakini profesa akiuza vitabu anaanza kujiuliza yeye ni nani. Ijumaa baada ya Ijumaa wasomi wa Baghdad walikuja al-Mutanabbi wakiwa wamebeba maboksi. Wengine hawakutaka kuonekana, wakamkabidhi dalali wakaondoka. Wengine walitandaza gazeti chini wakakaa nyuma ya vitabu vyao wenyewe, wakaviuza kimoja kimoja, na waliovimaliza wakanunua vya wenzao na kuviuza tena. Ndivyo waandishi na wahitimu wengi walivyogeuka kuwa wauza vitabu. Maktaba zilizojengwa kwa miaka 30 zilivunjwa kwa asubuhi moja.

Kwa mnunuzi, nisidanganye, ulikuwa wakati wa neema. Kijana asiye na kitu aliweza kupata kwa bei ya mkate kitabu ambacho baba yake asingekigusa. Kizazi kizima cha wasomaji wa Iraq kimesomeshwa na njaa ya kizazi kilichotangulia. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa njia nyingine isiyouma, sijaipata.

Na kulikuwa na vitabu vya chini ya meza. Utawala ulipiga marufuku waandishi waliokimbilia nje, vitabu vingi vya dini, vya siasa, na kila kilichomgusa mkubwa. Kitabu kimoja kikipenya kutoka ng'ambo, muuzaji alikipeleka kwenye mashine ya fotokopi usiku, akatoa nakala chache, akavika jalada la kitabu kisicho na hatia. Alimuuzia mtu anayemjua tu. Ukikamatwa ni jela, au kubaya zaidi ya jela. Lakini wateja walikuwepo, na jambo linalonifurahisha ni kwamba ile kampeni ya mwaka 1978 ndiyo iliyowapa wengi wao uwezo wa kusoma. Serikali iliwafundisha herufi, halafu ikashangaa wanazitumia.

Mwezi wa 4 mwaka 2003 majeshi ya Marekani yaliingia Baghdad na utawala ukaanguka. Siku hizo hizo Maktaba ya Taifa iliporwa na kuchomwa. Baadhi ya vitu vilivyoporwa vikaonekana vinauzwa al-Mutanabbi, na watu wa maktaba wakalazimika kwenda kununua mali yao wenyewe. Kwa hiyo ule usemi kwamba mwizi hasomi una tundu. Mwizi huenda asisome, lakini bei anaijua.

Hata hivyo, kwa muda mfupi mtaa ulichanua. Vya chini ya meza vilipanda juu ya meza. Kisha zikaja siku za watu kuuawa kwa ajili ya madhehebu na majina yao, na marufuku ya magari kila Ijumaa, siku yenyewe ya soko. Wateja wakapungua, wauzaji wengine wakakimbilia Syria na Jordan.

Jumatatu tarehe 5 Machi 2007 gari lililojaa mabomu lililipuka katikati ya mtaa. Watu wasiopungua 26 walikufa, wengi zaidi wakajeruhiwa. Karatasi inaungua upesi, na mtaa ule ulikuwa karatasi tupu. Saad Eskander, mkurugenzi wa Maktaba ya Taifa, alikuwa anaandika shajara siku zile, na ameeleza jinsi maelfu ya kurasa yalivyopaa angani na kudondoka kama mvua. Mkahawa wa Shabandar ulibomoka. Mwenye mkahawa alipoteza watoto wake wanne wa kiume na mjukuu mmoja siku hiyo hiyo. Aliujenga upya. Alitundika picha zao ukutani, pamoja na zile za zamani, akaongeza kwenye jina la mkahawa neno la mashahidi, na akaendelea kuuza chai.

Habari ilifika San Francisco, Marekani, kwa mtu aliyeitwa Beau Beausoleil. Alikuwa mshairi, na kazi yake ilikuwa kuuza vitabu vilivyotumika. Alisubiri kuona nani kwao angesema kitu, akaona kimya. Akaanza mwenyewe. Aliwaomba wachapaji wa mkono kila mmoja atengeneze karatasi moja kubwa ya maneno na picha kwa ajili ya mtaa ule, akataka zifike 130, hesabu ya waliokufa na waliojeruhiwa kwa jinsi alivyoijua yeye. Zikafika. Mwaka 2012 kikatoka kitabu cha waandishi wengi, chenye jina linalosema kwamba mtaa wa al-Mutanabbi unaanzia hapa. Hoja yake ni nyepesi, kwamba duka lake lingeweza kuwa kwenye mtaa ule, na ule mtaa ungeweza kuwa wake. Ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma gazeti hili, huyu jamaa naomba mmfikirie. Hakuanza kwa kuuliza wale watu wanahitaji nini. Alianza kwa kujiona yeye ni mwenzao wa kazi.

Mtaa ulifunguliwa tena Desemba 2008, waziri mkuu akiwepo. Desemba 2021 ukakarabatiwa upya, matofali, taa, fataki. Picha zake ni nzuri na watu wanapiga selfi. Nimesoma wanaolalamika kwamba sasa wanaokuja kupiga picha ni wengi kuliko wanaonunua. Mimi sioni ubaya. Aliyekuja kupiga picha ipo siku atainama.

Sasa Mwalimu. Alinisikiliza siku nilipomsomea haya yote kwa mara ya kwanza, akasema Khartoum pia walikuwa nayo. Kuanzia mwaka 2012 vijana wa huko walikuwa wanaandaa soko la vitabu vilivyotumika mara moja kwa mwezi, kwenye uwanja wa katikati ya mji. Waliliita Mafroosh, maana yake kilichotandazwa chini. Inama ya kwao. Watu walikuja na vitabu vyao, wakauza, wakabadilishana, kukawa na muziki na wauza chai. Mwaka 2015 mamlaka ikakataa kibali. Vitabu vilevile vilivyouzwa madukani bila shida vilionekana ni hatari vilipolazwa chini mbele ya watu wengi. Nadhani mamlaka iliona sawasawa. Dukani mnunuzi yuko peke yake, lakini kwenye turubai unainama karibu na mtu usiyemjua, naye anakuuliza, hicho umeshakisoma?

Hapa kwetu kambini maktaba zipo, na waliozileta tunawashukuru. Vitabu vingine vimefika kutoka mbali sana, bado vina mhuri wa maktaba ya mji fulani wa Ulaya, na kadi ya tarehe za kuazima nyuma. Lakini maktaba inafungwa saa kumi, na kilichomo alikichagua mtu ambaye hajawahi kutuona. Kitabu kuhusu kutunza bustani wakati wa theluji kiko rafu ya tatu, safi kabisa, kama kilivyotoka kwenye boksi.

Linganisha na kijana anayetandaza gunia lake karibu na wauza nyanya jioni. Ana vitabu 20, siku nyingine 12. Vya marudio ya mtihani wa darasa la nane, mtihani ambao umeshafutwa, lakini hesabu ni zile zile na vinanunuliwa. Sarufi ya Kifaransa, hiyo ni ya Wakongo na Warundi, haikai siku mbili. Kamusi ndogo za Kiingereza. Riwaya za Kiswahili zilizowahi kutahiniwa shuleni, zimeandikwa pembeni kwa penseli “dhamira” na “ploti”. Bei ni shilingi 50 hadi 150, na inapungua ukijua kuomba. Anajua nani alikuja kuulizia nini wiki iliyopita. Afisa mmoja alimwambia asiuze mahali pale, akahama hatua 30, na sasa wateja wake wanamkuta huko. Ningekuwa na bajeti ya shirika, kabla ya kuagiza kontena la vitabu ningekaa naye jioni tatu nikiandika.

Mwezi ambao mgao ulipunguzwa gunia lake lilikuwa na vitabu 40. Nilivifungua kimoja kimoja, karibu vyote vilikuwa na majina ndani, mengine ya watu wa blok yetu. Nilinunua viwili. Kimoja nilikirudisha kwa mwenyewe, akakikataa, akasema nimeshanunua basi nisome.

Mwalimu aliacha vitabu vyake Omdurman mwezi wa 4 mwaka 2023, rafu tatu, ukutani kwenye chumba cha mbele. Kila anayefika hapa kutoka kule anamuuliza kwanza habari za watu, halafu anauliza kama kuna vitabu vinauzwa barabarani. Mwanzoni nilidhani anaogopa kusikia ndiyo. Juzi mama mmoja aliyewasili na watoto wake alimjibu kwamba ndiyo, ameviona, chini kabisa kwenye vumbi, karibu na kituo cha magari. Mwalimu akamkaribisha kiti, akamuuliza vinauzwa bei gani.